Mkono Niliouchagua

Mke wangu alishona midomo ya mifuko ya unga kwa miaka ishirini na sita. Kiwandani walimwita Bi Mshono. Alipofariki, wanawake aliofanya nao kazi walikuwa wakimwita msaliti. Jina hilo halikuwa lake. Lilikuwa langu. Naeleza lilivyomfikia.

Tulikutana pale pale kiwandani. Mimi nilikuwa kwenye kupanga, yeye akaja kushona. Unga ulikuwa unashuka kwenye bomba, mfuko unajaa, unapimwa, kisha unakwenda juu ya mkanda hadi kwa mshonaji. Mshonaji anaukunja mdomo mara moja, anauingiza kwenye cherehani inayoning'inia kwa mnyororo, anakanyaga, trrr, uzi unakatwa. Mfuko unakuja kwetu. Sisi tunaunyanyua na kuulaza juu ya paleti, lile jukwaa la mbao linalobebwa na foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Kilo hamsini kila mmoja. Mitano kila safu, mitatu hivi na miwili hivi, na safu ya juu inageuzwa ili ishikane na ya chini.

Wiki yake ya kwanza tu, alizima cherehani akanifuata.

"Wewe kaka, mfuko huo mshono ukifumuka, unga utaenda wapi?"

"Chini."

"Na ungeupanga mdomo ukiangalia ndani?"

"Ungebanwa na wenzake."

"Kumbe unajua. Ni uvivu tu."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile nilipanga midomo ndani. Mwaka uliofuata tukaoana.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa hana dogo. Mshono ukienda upande, aliufumua mbele ya aliyeushona na kumrudishia uzi mkononi. Walimchukia mwezi wa kwanza, kisha wakampenda. Alipofanywa mkuu wa washonaji, walikuwa kumi na mmoja chini yake, na wote yeye ndiye aliyewafundisha. Mmoja tulimwita Mrefu. Huyo uchungu ulimkamata kazini, na mtoto wake wa kwanza akatokea mikononi mwa mke wangu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya mifuko mitupu. Baada ya hapo walikuwa kama ndugu. Chumvi ikiisha kwetu, iko kwake.

Mabinti zetu wawili walikua, wakaolewa, wakaondoka. Tukabaki sisi na kiwanda.

Kisha mwenye kiwanda akatangaza kwamba kazi ya kupanga itafanywa na roboti. Hakuficha. Alisema migongo yetu inaisha, na kweli ilikuwa inaisha. Mimi nilikuwa siinami kufunga kamba za viatu. Mke wangu alinifungia. Tulikuwa wanane wa kupanga. Tuliambiwa tutapewa kazi nyingine kadiri zitakavyopatikana. Sote tulielewa.

Wauzaji wawili walileta mikono yao ijaribiwe, kila mmoja wiki mbili.

Mkono wa kwanza ulikuwa na vidole vya chuma. Uliviingiza chini ya mfuko, ukaukumbatia, ukauzungusha, ukaulaza. Haukuwa na haraka. Nilisimama siku nzima nikiutafutia kosa. Sikuliona. Rundo lake lilikuwa limenyooka kuliko letu.

Wa pili ulikuwa wa kunyonya. Ulikuwa na vikombe vya mpira kumi na viwili, na bomba la kuvuta hewa. Unashuka, unanyonya, unanyanyua. Ulikuwa mwepesi na wa kasi. Lakini mifuko yetu ilikuwa ya kufumwa kama mkeka, hewa inapita, na juu yake kuna vumbi la unga. Kila baada ya mifuko thelathini, mmoja ulidondoka. Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akiuhesabia kwa sauti.

"Ishirini na nane! Ishirini na tisa! Haya, mpokeeni mwenzenu!"

Puu. Unga mpaka kwenye kope. Muuzaji alikuwa akifuta vikombe kwa leso na kutabasamu.

Majaribio yalipokwisha, mhandisi aliniita kwenye chumba cha vioo. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina hesabu za mikono yote miwili. Kasi, umeme, vipuri. Lakini mimi sijawahi kupanga mfuko hata mmoja. Wewe una miaka thelathini hapa. Ingekuwa ni wewe, ungechukua upi?"

"Nipe siku mbili."

"Chukua tatu. Neno lako nitaliweka kwenye ripoti, na bosi amesema atalisoma."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kwenye chumba kile.

Saa ya kupumzika tulikusanyika nyuma ya ghala, penye paleti zilizovunjika. Redio ndiye aliyeanza.

"Ndugu zangu, tukiambiwa tuchague kamba ya kutunyonga, tuchague iliyooza."

"Sema ueleweke," mmoja akamwambia.

"Mzee akisema wa vidole, kesho tunaagana. Akisema wa kunyonya, haumalizi miezi mitatu. Mifuko itadondoka mpaka bosi mwenyewe aje kutupigia magoti."

"Na wakinunua mkono mwingine?"

"Nani anunue mkono mara mbili? Bosi huyu? Huyu anayekata sabuni ya kunawia vipande vinne?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Wote wanane tukakubaliana, tukapeana mikono.

Hakuna aliyeuliza kuhusu mfuko. Tulikuwa tumeubeba maisha yetu yote. Kwetu ulikuwa kama mlima. Mtu anajenga nyumba akiukwepa mlima, hafikiri kwamba mlima utahama.

Jioni ile mke wangu alisimama mlangoni akikung'uta kitambaa chake cha kichwa.

"Ule wa vidole ni mzuri," alisema. "Haukuharibu mshono wangu hata mmoja. Ule mwingine unavuta mfuko mpaka uzi unalia."

"Ee."

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza."

"Basi waambie kweli. Kazi yenu itaondoka, haya, lakini iondoke kwa kitu cha maana. Mimi si nipo? Nitashona, wewe utapika. Tutakonda tu."

Akacheka peke yake. Nilimwambia nitawaambia kweli.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye chumba cha vioo.

"Wa kunyonya," nilisema.

Mhandisi aliweka kalamu chini. "Una hakika, mzee? Mimi nilikuwa nimeelekea kwenye ule wa vidole."

"Vidole vitapinda. Mkipata kimoja kimepinda, kazi yote inasimama. Mpira ukiisha unabadilishwa tu."

"Na hii mifuko inayodondoka?"

"Ni vumbi. Vumbi lina dawa."

Alinitazama. Kisha akaandika. "Asante, mzee. Umenisaidia sana."

Mkono wa kunyonya ukanunuliwa, ukafungwa sakafuni kwa boliti nene na kuzungushiwa uzio wa waya. Ukaanza kudondosha, kama Redio alivyotabiri. Waliweka feni ya kupuliza vumbi, ukadondosha. Walibadilisha vikombe, ukadondosha. Sisi hatukuondolewa, tulikuwa tunaokota. Redio alikuwa kama bwana harusi. Akipita karibu na uzio anauambia mkono, "Pole, mwanangu, kazi ya watu wazima hii."

Mifuko iliyofumuka ilirudishwa kwa washonaji. Mke wangu alikuwa akichelewa kurudi nyumbani, kifua kinamkereketa.

"Nani aliyewashauri watu hawa upuuzi huu?" aliniuliza siku moja.

Nilimuuliza kama kuna maji kwenye pipa.

Wiki ya kumi na mbili lilikuja lori na mifuko mipya. Ilikuwa ya karatasi ngumu, laini juu, imefungwa pande zote. Ilikuwa na tundu dogo pembeni tu. Waliubandika mmoja kwenye bomba, unga ukaingia kwa lile tundu, ukajaa, na uzito wa unga wenyewe ukalifunga tundu kwa ndani. Mfuko ukashuka kwenye mkanda.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nilimwona mke wangu mguu uko juu ya kanyagio, mikono imetangulia mbele kuupokea. Mfuko ulifika kwake. Hakukuwa na mdomo wa kukunja. Ukampita. Akageuza kichwa akausindikiza kwa macho. Ukaja wa pili, ukampita.

Mkono ulishuka ukaunyonya, ukaganda kama kupe. Ukaulaza. Redio alianza kuhesabu. Alifika ishirini na tisa akainua sauti, thelathini akaishusha, akaendelea mpaka sitini. Pale akaacha.

Mashine zilikuwa zinanguruma kama kawaida.

Wiki hiyo hiyo washonaji wote kumi na wawili waliachishwa. Mke wangu, kwa kuwa alikuwa mkuu wao, aliitwa ofisini atie saini kwamba wameelezwa. Mhandisi ndiye aliyemkabidhi karatasi. Binti yule hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kumpa pole, akamwambia, "Mama, nasikitika. Ule mkono mwingine ungeweza mifuko yenu ya kushona. Lakini mzee wako alitushauri huu, nasi tukamwamini."

Alitia saini. Akaja nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, sijavua viatu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni sisi wote. Tulikubaliana."

"Aliyeulizwa alikuwa mmoja."

Nilimweleza mpango wetu, kuanzia nyuma ya ghala. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alisema, "Akili nyingi huondoa maarifa. Mlitazama mkono. Mfuko hamkuutazama. Na aliyekuwa anaushika mfuko mdomoni ni mimi, nilikuwa nalala ubavuni mwako. Hukuniuliza."

Akainama akanifungulia viatu. Ningependa angenipiga.

Kwenye kupanga walituacha wanne, wa kulisha mkono paleti tupu na kusafisha vikombe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Washonaji waliona mambo mawili: Bi Mshono katia saini, na mume wa Bi Mshono kabaki kazini. Wakajumlisha. Mke wangu alirudi kutoka dukani mikono mitupu.

"Umesahau chumvi?" nilimuuliza.

"Sikusahau. Mrefu alikuwepo. Kasema mbele ya watu kwamba nimeuza wenzangu kumi na mmoja kununua mume mmoja. Tena mume mwenyewe mgongo mbovu."

Nilitaka kucheka, nikamwona uso.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nenda ukamwambie."

"Nikisema sasa, itajulikana kwamba tulidanganya kwa kusudi. Tutafukuzwa wote wanne. Redio ana watoto watano."

Alifikiri. "Haya. Nitangoja."

"Mbona usiseme wewe?"

"Neno ni lako. Nikilisema mimi litakuwa umbea wa kujitetea, hakuna atakayeamini. Ukilisema wewe litakuwa kweli."

Akangoja. Chumvi tukawa tunaifuata duka la mbali.

Miezi saba baadaye na sisi wanne tukaachishwa. Siku ile ile aliniambia, "Sasa hakuna wa kufukuzwa."

"Nitakwenda Jumapili," nilisema.

Jumapili ilifika, nikapata la kufanya. Nikaziba tundu kwenye paa. Jumapili nyingine nikasema mvua. Nilikuwa napita mbele ya mlango wa Mrefu nikiharakisha kama mtu anayewahi maziko. Sikuwa tena namlinda Redio wala yeyote. Nilikuwa nimeonekana mtu wa busara maisha yangu yote, mtu wa kuulizwa. Hilo ndilo nililokuwa nalinda.

Hakunisukuma. Alikuwa anakaa mlangoni mchana, wanawake wanapita, wengine anawafahamu mpaka sauti za nyayo. Walikuwa wanahamia upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyemtukana tena. Walikuwa wamemzika tayari.

Mwaka wa tatu kifua kilimzidi. Daktari alipiga picha, akasema mapafu yamechakaa kwa vumbi la miaka mingi, dawa ni za kumpunguzia tu. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani. Mabinti walikuja kwa zamu. Asubuhi moja tulikuwa wawili tu, nikimnywesha uji kwa kijiko.

"Jumapili ngapi hizo?" aliniuliza.

"Nyingi."

"Siulizi kwa hasira. Nataka tu waje kuniona."

Nikaweka kijiko chini. "Nakwenda leo."

Nilikwenda. Nilifika kwa Mrefu nikabisha hodi. Alifungua, akaniangalia juu mpaka chini.

"Shemeji. Umepotea."

"Nimekuja kuwajulia hali."

"Tunaendelea. Na mgongo wako? Bado kazini?"

"Niliachishwa zamani."

"Kumbe. Basi mlimwokoa nani?"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Niliona watu wa nyumba ya jirani wameacha kufua, wanatazama. Nikasema nimefurahi kumwona, nikaondoka.

Nyumbani binti yetu wa zamu alikuwa ameshafika, na mke wangu alikuwa ameomba ainuliwe, ameegemea mto, amefungwa kitambaa safi kichwani.

"Wanakuja?"

"Hawakuwepo," nilisema.

Akaomba alazwe.

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi. Maziko yalikuwa na watu wa ukoo, majirani wachache, na Redio, ambaye hakusema neno siku nzima. Kati ya wale wanawake kumi na mmoja hakuja hata mmoja.

Siku ya nne baada ya maziko nilirudi kwa Mrefu. Majirani walikuwa wanafua tena. Safari hii nilisema nikiwa nimesimama nje, na nilisema kwa sauti. Niliyasema yote: nyuma ya ghala, siku tatu, chumba cha vioo, mfuko. Nikasema saini ile ilikuwa ya kuambiwa tu, hata angekataa mngetoka. Nikasema mkono niliuchagua mimi, nikijua ni mbovu.

Mrefu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Alijua?"

"Alijua siku ile ile ya saini."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Alipolazwa nilimwona," alisema. "Nilikwenda kumtazama mtu mwingine, nikapita mbele ya kitanda chake. Akaniinulia mkono. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba."

Hakulia. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Sasa umekuja kuniambia mimi, shemeji. Mimi nikamwambie nani?"

Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Nimeshakwenda kwa wengine saba. Mmoja alinitemea mate miguuni, nikaona afadhali. Mmoja hakunifungulia, nilisema kupitia dirishani, sijui kama alisikia. Mmoja naye ameshakufa. Wawili walihamia mbali na sijui waliko. Anayewafahamu, awasomee haya.